Fundi wa Kamba za Foki

Sisi sote tulimwita Fundi, na mpaka siku alipofukuzwa sikuwahi kumsikia mtu yeyote pale klabu akimwita kwa jina. Jina lake nalijua, kwa sababu nililiandika mwenyewe kwa mashine katika ile barua ya kumfukuza. Sitaliandika mara ya pili. Alizaliwa wapi, ukoo wake ni upi, hayo siyajui vizuri na sina uso wa kuyauliza sasa. Ninachokijua ni miaka sita niliyomwona kila Jumamosi na Jumapili kando ya ziwa, hapa Bukavu, wakati nchi ilikuwa inaitwa Zaïre na sisi sote tulikuwa macitoyen, yaani raia, akifunga kamba za mashua ambazo yeye mwenyewe hakukubali kuzipanda.

Klabu ilikuwa kwenye mojawapo ya zile rasi zinazoingia ziwani. Biashara za wageni zilipogawiwa watu, Wazungu wengi walifunga masanduku wakaenda zao, wakatuachia jengo, baa, viti vya chuma vilivyoanza kushika kutu na mashua saba. Sisi watu wa maofisini tukaingia. Tulivaa abacost zetu, zile suti zisizo na tai, tukaagiza bia, tukajifunza kusema "foki" kana kwamba mama zetu walitubembeleza kwa neno hilo. Mimi nilikuwa karani katika kampuni ya chai, na kwa kuwa nilipiga mashine haraka kuliko wenzangu, nikafanywa sekretere wa klabu. Cheo hicho kilinipanda kichwani, nasema ukweli.

Kati ya zile saba, mbili zilikuwa katamarani, yaani mashua ya mitumbwi miwili myembamba iliyounganishwa, na katikati limetandazwa turubai gumu la kukalia. Ni nyepesi, watu wawili wanaisukuma kutoka mchangani bila kuhema. Ina tanga kubwa nyuma ya mlingoti, na mbele tanga dogo, ndilo foki. Foki inaongozwa kwa kamba moja ndefu. Katikati ya kamba inafungwa kwenye kona ya tanga, ncha moja inapita kulia, nyingine kushoto, kila moja ndani ya kapi lake, halafu katika kibano chenye meno kinachoishika kamba usipotaka kuchosha mkono. Mwisho, ncha mbili zinafungwa pamoja juu ya turubai, ili ukirukia upande wowote uikute kamba karibu yako. Ni hayo tu. Mimi nimeyaeleza kwa mistari michache, Fundi aliyafanya kwa nusu saa nzima, na ole wako umsemeshe.

Alianza kwa kuinyoosha kamba mchangani, akaipitisha yote kati ya vidole viwili, polepole, macho yakiangalia ziwa. Hakuiangalia kamba hata kidogo. Vidole ndivyo vilivyotafuta mahali palipochakaa. Akikuta uzi mmoja umekatika, alisimama, akarudi nyuma, akapitisha tena. Kisha aliipitisha ndani ya zile nyaya zinazoshika mlingoti, si nje, na kila mara alisema peke yake kwa sauti, "Ndani, ndani," utadhani kuna mtu anayembishia. Alipomaliza alikwenda kwenye kibano, akaitia kamba katika meno, akainyanyua kwa mara moja tu, chap, ikaachia. Asiporidhika alifungua yote akaanza upya.

Wageni walifikiri anataka kujionyesha. Mimi pia nilifikiri hivyo mwaka wa kwanza, mpaka siku moja nilipomuuliza kwa nini hamalizi haraka kama fundi mwingine. Akaniangalia kwa huruma.

"Sekretere, ulishaka kuona batu banakamua ng'ombe?"

Nikamwambia mimi ni mtoto wa mjini.

"Bon. Unafunga miguu ya nyuma na kamba, juu isikupige teke. Sasa ng'ombe ikishituka, utaita bibi yako akuletee kisu? Unavuta mara moja, inaachia. Kama haiachie, ng'ombe inaanguka, inavunja muguu, na miziba inamwangika. Foki ni vilevile. Kufunga, kila mutu anajua. Miye minaangaliaka kama itaachia."

Aliposema miziba alimaanisha maziwa. Alikuwa na Kiswahili chake mwenyewe, cha mjini kilichochanganyika na Mashi, na akikasirika aliongeza Lingala ya wanajeshi, matusi ambayo sitayaweka hapa. Na huyo huyo Jumapili asubuhi alikuwa katika kwaya ya parokia, sauti ya chini kabisa, macho amefumba, shati limepigwa pasi hadi linang'aa. Nilimwona akitoka misani ameshika kitabu cha nyimbo kwa mikono miwili, na saa moja baadaye nikamsikia akimtukana mlinzi wa geti kwa sababu aliazima kisu cha kukatia kamba bila ruhusa. Nilipomwambia kwamba Mungu bado hajafika mbali, alicheka mpaka akakaa chini.

Ziwa aliliogopa. Hakujua kuogelea, na hakutaka kujifunza. Alifanya kazi yote kwenye mchanga mkavu. Mashua ikishaingia majini mpaka magotini, yeye alibaki nyuma akiwa amevaa viatu vyake vya ngozi, akipiga kelele za maagizo. Siku moja aliingia kwenye katamarani kurekebisha kapi, mtu akaisahau bila kuifunga, na upepo ukaisogeza hatua ishirini hivi kutoka ufukoni. Alikaa katikati ya turubai mikono imeshika mlingoti, hakusogea. Tulimfuata tukicheka. Tulipomrudisha hakumsemesha yeyote mpaka Jumamosi iliyofuata, na kuanzia siku hiyo hakupanda tena chombo ambacho hakijafungwa kwenye mti.

Alisema uongo pia, uongo mdogo wa kujitia utamu. Alidai alipata kufika Matadi akafunga kamba za meli kubwa. Mwezi mwingine alidai ni Kalemie. Ukimuuliza Matadi iko upande gani, alionyesha kwa kidevu upande wowote uliokuwa wazi. Sijui alijifunzia wapi kazi yake. Lakini kwenye kazi yenyewe hakusema uongo hata mara moja, na hilo lilinichanganya sana nilipokuwa nalifikiria baadaye.

Alikuwa na sheria moja iliyowaudhi wakubwa. Kabla mashua haijaondoka, mwenye kushika foki alipaswa kuivuta kamba mara tatu na kuiachia mara tatu, mbele ya macho yake. Hakujali wewe ni nani. Padri mmoja Mzungu, aliyekuwa amebaki, aliambiwa arudi kutoka majini akiwa amelowa hadi kiunoni kwa sababu alivuta mara mbili. Ofisa mmoja wa jeshi alikuja na bibi yake, akasema yeye hana muda wa michezo ya watoto. Fundi akaketi mbele ya ile mashua, juu ya mchanga, akiegemeza mgongo kwenye mtumbwi.

"Citoyen, utapita juu yangu basi," akasema.

Sote tuliacha kunywa. Ofisa akatazama huku na huku, akatazama bibi yake, halafu akavuta mara tatu. Aliporudi jioni akampa Fundi sigara pakiti nzima. Fundi hakuvuta sigara, akaibadilisha kwa kamba.

Maana kamba ndiyo ilikuwa shida yetu. Zile za Wazungu zilipochakaa hapakuwa na mahali pa kununua nyingine, na hizi si kamba za kuanikia nguo, zinatakiwa ziwe nyembamba, laini na ngumu kwa pamoja. Fundi aliziokota popote. Alinunua kwa wanajeshi kamba za kijani za miavuli, akapata vipande vya bluu kutoka kwa dereva wa lori, akavifuma pamoja, uzi kwa uzi, mpaka usihisi pale vilipokutana. Kwa miaka mitatu katamarani zetu zilitembea kwa kamba za foki zenye rangi nne. Zilikuwa mbaya kutazama. Hazikuwahi kukwama.

Nyuma ya banda la mashua alikuwa na nyumba ya vyumba viwili ya klabu, aliishi humo na mkewe na watoto wanne. Mkewe tulimwita Maman Fundi. Alikuwa mama wa maneno machache, aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wakavu, na kila mtu aliamini kwamba Fundi alimwogopa kuliko ziwa. Alimwita "Citoyenne Présidente" mbele za watu ili atuchekeshe, naye hakucheka. Lakini saa sita mchana, hata kama klabu imejaa wageni, Fundi aliweka kamba chini na kwenda kula kwake, na hakuna aliyethubutu kumwita kabla hajarudi. Binti yao mkubwa, wakati huo ana miaka kumi au kumi na moja, ndiye aliyekuja mlangoni kusema, "Papa anakula."

Sasa nimefika pale ambapo sikutaka kufika.

Mwaka wa sita tuliambiwa kwamba mkubwa mmoja wa jimbo atakuja kutazama mashindano yetu siku ya sikukuu ya chama. Rais wa klabu, mtu mnene na mwema aliyegawiwa duka la kitambaa, alinishika bega akaniambia, "Citoyen Secrétaire, zile kamba za rangi rangi, hapana. Atasema sisi ni bafukara." Nilikuwa na safari ya Bujumbura wiki hiyo. Huko nikakuta, kwa mfanyabiashara mmoja Mwarabu, kamba ya pamba iliyosukwa, nyeupe pe, nene kidogo kuliko zetu. Niliipenda nilipoiona tu. Nilirudi nayo kwenye basi nikiwa nimeipakata, nimeifunga katika gazeti isishike vumbi.

Nilimpelekea Fundi Ijumaa alasiri. Alikuwa peke yake bandani. Akaipitisha kati ya vidole vyake kama kawaida, lakini alifika nusu akaacha.

"Hii ni pamba."

"Ni nzuri."

"Iko muzuri, minaona. Mais pamba ikilowa inavimba. Hapa iko kavu, inapita mu meno ya kibano. Kule mu ziwa sijue. Ngoja niilaze mu maji mpaka kesho, tuone."

Nikatazama yale maji aliyokuwa akionyesha, pipa lenye kutu na majani yaliyooza ndani yake. Na ziwa lenyewe pale ufukoni lilikuwa na matope ya mvua.

"Usiiloweshe," nikasema. "Itachafuka."

"Sekretere, kamba inachafukaka."

"Kesho saa nane mkubwa atakuwa hapa. Nataka iwe nyeupe vilevile ilivyo."

Alizungusha ile kamba mkononi mara kadhaa. Halafu akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza tangu nimfahamu: "Unaniamuru?"

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nimevaa abacost mpya, na fundi wa klabu alikuwa ananiuliza kama ninamwamuru. Nikasema, "Ninakuamuru."

Akaifunga. Aliifunga vizuri kama alivyofunga nyingine zote, ndani ya nyaya, akisema, "Ndani, ndani," na ikiwa kavu ilipita katika meno na kuachia, mara tatu. Kesho yake, kabla ya kuondoka, nilimsikia akiwaambia waliopanda, mmoja mmoja, akiwashika mkono: "Hii usiitie mu meno. Uikamate na mukono. Unasikia? Na mukono." Waliopanda katamarani ya kwanza walikuwa karani wa benki, aliyeshika usukani, na mwalimu mmoja kijana wa hesabu, aliyeshika foki. Yule mwalimu alisema ndiyo, papa, nimesikia. Alikuwa kijana mwenye adabu.

Ziwa letu linaonekana pole, lakini mvua zinapokwisha upepo wa mchana unateremka kutoka milimani bila kupiga hodi. Tuliuona ukija, maji yakageuka meusi upande wa Rwanda. Mkubwa alikuwa ameketi, rais anamwonyesha zile kamba nyeupe kwa kidole. Mikono ya yule mwalimu, kumbe, ilikuwa imechoka, na kamba nene iliyolowa inaumiza viganja, basi akaitia katika meno ya kibano apumzike kidogo. Upepo ukampata hapo. Karani wa benki alisema baadaye kwamba alimwona mwenzake anainyanyua kamba kwa mikono miwili, anainyanyua tena, anaipiga kwa mguu, nayo imekaa palepale. Foki ilibaki imejaa upepo. Mashua ikasimama kwa ubavu mmoja, ikapinduka, na turubai likamfunika mwalimu. Wavuvi wa mitumbwi walimfikia karani akiwa hai. Mwalimu walimtoa baada ya saa nzima, na ile kamba nyeupe ilikuwa imezunguka mguu wake wa kushoto.

Jumatatu adjida wa jandarmu, sajini wa wale askari wa usalama, alituita sote katika chumba cha baa. Aliweka daftari lake juu ya meza ya biliadi. Karani wa benki akaeleza kwamba kamba ilikataa kuachia. Adjida akauliza kamba hiyo aliifunga nani, na Fundi, ambaye alikuwa amesimama karibu na mlango kofia mkononi, akasema, "Niliifunga miye. Sekretere iko pale, atasema namna ilikuwa."

Wote wakanigeukia. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Baba wa marehemu alikuwa nje kwenye ngazi na ndugu zake, tukiwasikia. Rais wa klabu alikuwa ameniahidi wiki mbili nyuma kwamba atanisemea kwa mkurugenzi wangu. Ningeweza kuorodhesha mengine. Niliogopa, ndiyo sababu, mengine yote niliyatafuta baadaye.

Nikasema, "Hapa kwetu, Fundi ndiye anayefunga kamba zote."

Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo. Fundi alinitazama kwa muda, akingoja niendelee. Alipoona siendelei, aliinamisha kichwa akavaa kofia yake, humohumo ndani. Hakusema, "Aliniamuru." Ingekuwa neno lake dhidi ya langu, na yeye alikuwa anajua uzito wa kila moja pale mbele ya adjida. Walimweka kizuizini siku kumi na moja. Nami kwenye siku ya tatu nilikaa mbele ya mashine, nikapiga barua ya klabu: kwa uzembe mkubwa katika kazi yake uliosababisha kifo cha mtu. Nakala tatu. Nikapiga muhuri. Alipotoka akakuta vitu vyake viko nje ya ile nyumba ya vyumba viwili, Maman Fundi ameketi juu ya godoro, watoto wamepangana kando yake. Waliondoka kwa miguu kwenda Nyantende, kwenye kipande cha shamba cha upande wa mama. Niliwaona kutoka dirisha la baa.

Miaka minane ikapita. Niliacha usekretere, nikaacha klabu, nikapandishwa cheo kweli, na mtoto wangu akaanza shule. Sikulala vibaya kila siku, sitadanganya. Kuna miezi niliyosahau kabisa. Halafu siku moja ofisini mwenzangu mmoja, mtu wa kule Walungu, alikuwa anasimulia wakati wa chai kwamba ndugu zake wamerudi nyuma katika mambo ya ndoa. Kijana wao alikuwa amempata msichana Nyantende, ng'ombe walishatajwa, watu wameshakunywa pamoja, kisha shangazi mmoja akachunguza. "Kumbe papa wa ule mutoto aliuaka mutu huku Bukavu, kwa uzembe, na kamba. Iko hata na barua. Sasa utaleta damu kama ile mu familia?" Wengine wakatikisa vichwa. Nikauliza papa huyo alikuwa anafanya kazi gani. Nilijua kabla hajajibu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda. Nilimkuta Fundi nyuma ya nyumba anatengeneza ua wa matete. Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, miguuni amevaa buti za mpira. Aliponiona hakushangaa.

"Sekretere," akasema.

"Fundi. Nilikuya kukuambia kitu." Nilikuwa nimeipanga hotuba nzima njiani, ikanitoka. "Ile kamba nyeupe. Miye njo nilikukatazaka kuilowesha. Nikakuamuru. Na pale mbele ya adjida nikanyamaza."

Aliendelea kufunga tete moja, akalivuta kuona kama limeshika.

"Miye unaniambia ya nini?" akasema. "Miye nilikuwaka pale."

Nikamwambia nimesikia habari za Walungu. Nikamwambia nitaandika barua, nieleze yote, nitie sahihi yangu na muhuri wa ofisi, waipeleke kwa familia ya yule kijana. Hapo ndipo alipocheka, kicheko kifupi ambacho hakikuwa cha zamani.

"Barua? Ile yako ya kwanza batu bangali banaikumbuka." Akanyoosha mkono kuelekea mlango wa nyuma. "Mu ile nyumba iko batu benye habakukuwaka pale. Enda kwabo. Na mudomo."

Maman Fundi alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua maharagwe katika ungo. Hakunipa kiti. Nilisimama na kofia mkononi, nikaanza kusema kwamba siku ile kulitokea kosa.

"Kosa ya nani?" akauliza, bila kuinua macho.

"Yangu, maman."

Nikamweleza. Bujumbura, kamba, pipa la maji, "Unaniamuru?", meza ya biliadi, mashine. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma na kujisahihisha, jasho linanitoka mgongoni. Katikati ya maelezo vidole vyake viliacha kuchambua. Nilipomaliza nikaona anatazama mlango, kule nje ambako tulisikia matete yakivunjwa.

"Aliniambiaka," akasema. "Ile siku alitoka mu kashoti aliniambia yote, namna hii hii. Nikamujibu, kila mwanaume mwenye anafukuzwa anasemaka vile." Akapangusa uso kwa kiganja chenye vumbi la maharagwe. "Miaka munane. Hakurudilia kuniambia tena."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada ya siku ile, na nikageuka nusu, nikidhani nimemaliza, kwamba sasa naweza kutoka.

"Ngoja," akasema Maman Fundi.

Aliweka ungo chini, akainua sauti kuelekea jikoni, akaita jina la binti yake mkubwa. Msichana akaingia anakausha mikono kwenye kitenge, mrefu, uso wa baba yake kabisa. Alinitambua. Alisimama karibu na ukuta akanitazama bila kunisalimia, na mama yake akamsogezea kile kigoda ili akae.

"Uanze tena," Maman Fundi akaniambia. "Huyu hajasikia."

Nikaanza tena. "Ile kamba," nikasema, "niliinunua miye."